Mita ya Mlango wa Buluu

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 2017. Upepo wa kusini, joto lisilo la msimu wake, vumbi jembamba juu ya pilipili zilizotundikwa kwenye kuta za Menzel Temime, mji wetu mdogo wa Tunisia. Ndivyo nilivyoandika juu ya ukurasa, kama ninavyoandika kila Jumamosi tangu niwe katibu wa chama chetu cha filamu za ridhaa. Ajenda ilikuwa moja: kuupigia kura muswada wa Lamjed Gharsalli.

Lamjed ni msoma mita za maji. Ana miaka hamsini na mmoja, mrefu, mabega yameinama kwa kuchungulia mita tangu ujana. Kwa miaka kumi na mmoja alitubebea taa, alishika kipaza sauti, na mara mbili aliigiza maiti. Hakuwahi kuandika kitu kikapita. Kila mwaka tunachagua muswada mmoja tu, maana kamera tunayo moja.

Chama kina sheria mbili ambazo Mwalimu Ridha, mwenyekiti wetu, hazilegezi. Ya kwanza: mhusika hapewi neno la kusema mpaka kadi yake iwe na mambo kumi yaliyoonekana kwa macho, si ya kubuni. Ya pili: mwandishi akishasoma, anafunga mdomo mpaka mjadala uishe. Kama filamu haijitetei yenyewe, husema Mwalimu, wewe hutakuwapo sinema kuitetea.

Yaliyotangulia siku hiyo, na yaliyofuata kesho yake, Lamjed aliniambia mwenyewe baadaye, akaniomba niyaandike yalivyo.

Mwezi wa Aprili aligonga mlango wa buluu wa Bi Mannoubia, mtalaka wa miaka hamsini anayetarizi magauni ya harusi na kuishi peke yake. Mita yake iko ndani kidogo ya mlango, kwenye ukumbi unaoelekea uani. Kwa kawaida alitumia uniti kumi na nne. Safari hii zilikuwa thelathini na moja.

"Umepata wageni, Bi Mannoubia?"

"Wageni gani? Mimi na cherehani yangu. Huyo naye hanywi maji."

Msoma mita yeyote anajua maana ya hesabu kama ile. Ana vikaratasi vya njano mfukoni kwa kazi hiyo hiyo: unaandika kwamba bomba huenda linavuja, unampa mwenye nyumba, unaondoka. Lamjed alikitoa kikaratasi. Kisha akatazama uani, akaona mlango wa chumba cha nyuma umezibwa chini kwa matambara. Akakirudisha mfukoni. Nje, juu ya tandiko la pikipiki yake, akaandika kwenye daftari: "Mwanamke anaishi peke yake. Maji ya watu wawili. Nani yumo?"

Jumamosi iliyofuata alituletea swali hilo, na chumba kizima kikaamka. Tulikuwa tumechoka na visa vya bastola za bandia. Hiki kilikuwa kisa cha hofu isiyo na damu, hofu iliyomo kichwani mwa mtu.

"Ni mume," alisema Mwalimu Ridha. "Watu wote wanadhani alimwacha akaenda zake. Kumbe yuko ndani, amemfungia."

"Au yeye ndiye anayetaka kufungiwa," alisema Yosr, binti wa duka la dawa, mwigizaji wetu bora na mwenye ulimi mrefu kuliko sisi sote. "Mwanamume anayeogopa jua. Ami Lamjed, hilo litakufaa wewe, maiti wetu wa siku zote, hata kujipaka rangi hutahitaji."

Tulicheka. Lamjed aliandika.

Mwezi wa Julai mita ilisoma arobaini na nne. Alirudi na kadi iliyojaa. Mwanamke ameisogeza cherehani mbali na ukuta wa nyuma, sasa anashona akiupa ukuta ule mgongo. Anachoma ubani asubuhi na jioni. Kitanda amekihamishia chumba cha mbele. Matambara yameongezwa. Kila jambo tulilipa maana yake. Ubani ulifunika harufu ya mwanamume. Kitanda kilihamishwa kwa sababu usiku kuna anayepumua upande wa pili. Mimi mwenyewe nilipendekeza kwamba mwanamke aongee na ukuta, na pendekezo langu likapita. Liko kwenye kumbukumbu.

Lamjed alipotusomea muswada mzima mwezi wa Septemba, Yosr alipiga paja.

"Ngoja! Mlango wa buluu, mlimao kwenye pipa la bati, cherehani... Si kwa Bi Mannoubia huko? Alimshonea dada yangu! Kumbe anamficha mwanamume, yule mama?"

Watu walicheka, mmoja akapiga mluzi. Sheria ilimtaka Lamjed akae kimya, naye aliikumbatia kama mtu aliyepata mwavuli. Nilimtazama. Alikuwa akiipanga kalamu yake sambamba na ukingo wa meza, kisha akaipanga tena.

Menzel Temime si mji mkubwa. Neno lililotoka jioni kwenye Nyumba ya Utamaduni, tunakokutana, lilifika kwenye mkate wa asubuhi.

Tarehe 14 Oktoba, kwa hiyo, Lamjed alikuja na karatasi mpya mkononi. Aliomba kubadilisha mambo machache kabla ya kura. Mlango uwe wa kijani. Mwanamke awe mwanamume mjane, fundi saa. Na yasiwe maji, iwe umeme.

"Umerogwa?" aliuliza Mwalimu Ridha. "Maji ndiyo roho ya kisa. Mtazamaji anaiona mita inazunguka, mwili unamsisimka."

"Na mlango wa buluu ndio mzuri," alisema Yosr. "Halafu fundi saa nitamwigizaje mimi? Nifuge ndevu?"

"Nasema tu kwamba..."

"Sheria, Lamjed. Umeshasoma."

Akakaa. Tulipokuwa tunagawa chai, Yosr alikumbuka jambo. "Mmesikia? Mama yake Ahlem jana kaenda kulichukua gauni la bintiye kwa Bi Mannoubia, limetariziwa nusu. Alimwambia mlangoni, watu wanasikia: 'Gauni la mwanangu halilali nyumba moja na mwanamume nisiyemjua.' Na wengine wawili wamefuata. Filamu yetu haijapigwa hata picha moja, tayari ina watazamaji!"

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Lamjed hakuigusa chai yake.

Kura zilipigwa. Mikono saba kati ya saba. Mwalimu Ridha aliiweka kamera mbele ya Lamjed, ndani ya mfuko wake mweusi, kama inavyofanywa kila mwaka kwa aliyeshinda. Watu wakapiga makofi.

"Mjadala umeisha. Sasa mwandishi aseme."

Lamjed alisimama. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiingojea nafasi hiyo, na nadhani wakati fulani alikuwa na hotuba.

"Hakuna mtu mle ndani," alisema.

"Kwenye muswada?"

"Kwa Bi Mannoubia. Hakuna mtu. Ni bomba. Linavuja chini ya chumba cha nyuma. Ukuta umelowa, ndiyo maana kaisogeza cherehani. Ubani ni wa harufu ya ukungu. Matambara ni ya maji."

Upepo ulisukuma dirisha. Yosr alikuwa ameshika glasi karibu na mdomo. Alipouliza, sauti yake haikuwa na mzaha.

"Ami Lamjed, umejua lini?"

"Aprili."

"Tangu Aprili ulikuwa unajua, na Septemba mimi nikasema lile neno mbele yako, wewe ukapanga kalamu?"

Uso wa Lamjed ulikuwa umeiva kama pilipili za ukutani. Alitoa mfukoni kikaratasi cha njano, kimekunjika mpaka kimekuwa laini kama kitambaa, akakiweka juu ya mfuko wa kamera, akausukuma mfuko ule kuelekea kwa Mwalimu Ridha.

Mwalimu alinigeukia. Aliuliza kama hili nalo liandikwe.

"Liandike," alisema Lamjed. "Na tarehe ya Aprili iandike."

Niliandika. Kisha nikarudi kurasa za nyuma, penye pendekezo langu la mwanamke kuongea na ukuta, nikatazama mwandiko wangu mzuri.

Jumapili asubuhi upepo ulikuwa umetulia. Saa mbili Lamjed aliugonga mlango wa buluu kwa nguvu, bila sare ya kazi, ili mtaa umsikie. Bi Mannoubia alipofungua, Lamjed alikataa kuingia mpaka waitwe majirani wawili wanawake. Akawaomba wafunge mifereji yote ya nyumba, kisha waje kwenye mita. Mifereji ilifungwa. Kigurudumu kidogo chekundu kiliendelea kuzunguka, mbio mbio, mbele ya macho ya watu wanne.

"Huyu ndiye mwanamume wake," alisema Lamjed.

Bi Mannoubia aliinama akakitazama kigurudumu.

"Kumbe unajua kusoma," alisema. "Aprili ulisimama hapo hapo ukaniuliza habari za wageni."

"Ndiyo."

"Uliandika nini kwenye lile daftari, pale juu ya pikipiki?"

Akamwambia. Hakupunguza neno. Jirani mmoja alijifunika mdomo kwa mkono.

"Bomba atalichimbua fundi," alisema Bi Mannoubia. "Wewe kazi yako nyingine. Nyumba zote za mtaa huu unazijua, si ndiyo? Kwa mpangilio?"

"Arobaini na mbili."

"Zipitie. Uwaambie kama ulivyoniambia mimi. Na kwa mama yake Ahlem usiseme ukiwa umesimama nje, ingia ndani, ukae, aone uso wako."

Akaufunga mlango.

Lamjed alikwenda mwanzo wa mtaa, kwenye nyumba ya kwanza ya orodha yake, akagonga. Mzee aliyefungua alikuwa bado na mkate mkononi.

"Mita, Jumapili?"

"Sikuja kwa mita, mzee wangu," alisema Lamjed. "Nina dakika mbili za aibu. Nisikilize."