Magoti ya Mama Yaenda Beppu

Sikwenda Japani kutembea. Nilipelekwa na magoti ya mama yangu, ambaye miaka miwili sasa anasali juu ya kiti, na kila akitoa salamu analia kwamba atakufa paji lake halijagusa tena ardhi. Jirani yetu hapa mjini Ibra alimwonesha kwenye simu mji wa Beppu, pwani ya Japani, ambako maji ya moto yanatoka ardhini na wazee wanakwenda kujitibu. Basi, khalas. Nikamwambia maji ya moto yako hata Nakhal, tunakwenda na kurudi siku moja. Akasema ya Nakhal keshayaoga, hayana faida.

Tulipofika Fanja, hata uwanja wa ndege hatujauona, alikuwa keshaniuliza mara tatu kama tumekaribia. Zilikuwa bado ndege mbili na gari moshi.

Beppu, siku ya kwanza. Hamamu ya wanawake iko ukingoni mwa bahari, na sharti lake ni moja: huingii majini na nguo. Mama kaja na kanga zake. Mtumishi, mwanamke wa makamo, akainama kwa heshima, akatuonesha ubao wa masharti. Mama akakaza shingo. Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye mkosha maiti wa mtaa wetu, kwani wanawake wangapi kawaona walivyo?

"Hao wamekufa," akanijibu.

Tukarudi chumbani wakavu. Siku ya pili hivyo hivyo. Nilitamani kulia, wallahi.

Siku ya tatu asubuhi hamamu ilikuwa tupu. Akavua, huku akiniamuru nigeuze uso. Lakini kabla ya kuingia majini lazima ukae kigodani ujioshe kwa ndoo na kopo, na ndoo na kopo ndivyo vifaa vya kazi yake. Akarudi nyuma.

"Mwambie mimi sijafa."

Mtumishi hakufahamu hata neno. Akaitikia kwa upole: "Hai, hai."

Hai ni "ndiyo" kwa Kijapani. Nilifungua mdomo kumweleza Mama, nikaufunga. Uso ulikuwa umemkunjuka. Akakaa kigodani, akajikosha, akaingia majini, na kutoka ikawa kazi nyingine.

Alasiri ile, kabla ya kuondoka, akataka kiti asali. Chumba kile kina mikeka mitupu, na kiti tulichoazimwa siku zile kilikuwa kimesharudishwa. Nikateremka nikinung'unika, nikazunguka hoteli nzima, nikarudi na kiti cha jikoni. Mama alikuwa kasujudu mkekani, peke yake, hatikisiki. Nikangoja, nikangoja, nikadhani kakwama, nikaja kumshika mkono. Akanipuuza, akainuka mwenyewe, akatoa salamu, ndipo akanifokea.

"Sikukwama. Nilikuwa na mengi ya kuomba."

Ibra, wiki moja baada ya kurudi, magoti ni yale yale na Mama yuko juu ya kiti. Nilichojifunza ni kwamba magoti yana kichwa kigumu kuliko mwenyewe. Hasira zikanipanda, nikamuuliza: safari yote ile, Mama, kwa sijida moja?

"Nne," akasema. "Rakaa mbili za msafiri, kila moja sijida mbili. Wewe ulikuta ya mwisho."