Keshia wa supamaketi unampa ya soda au humpi? Mimi nilimpa, hapa Kigali, na najuta

Wakuu, salaam kwenu wote, wa bara na wa ughaibuni.

Kabla sijaanza niseme wazi: hii si chai ya kutunga. Yamenikuta mimi, kwa mkono wangu mwenyewe. Nimebadilisha majina tu kwa sababu wahusika bado wapo makazini.

Juzi niliona humu mada ya kuwapa wahudumu wa baa ya soda, watu wakatukanana kurasa nne. Sikuchangia. Mimi swali langu ni la keshia. Keshia wa dukani, umenunua sabuni yako na mchele wako, amekupigia risiti. Unampa kitu, au unasema asante unaondoka?

Mimi nilimpa. Naomba niwaeleze kilichofuata.

Mimi ni dada, Mtanzania wa Tabora, Kigali huu ni mwaka wangu wa tatu. Nafanya kazi ofisi ya mizigo Remera, yale makaratasi ya malori yanayotoka Dar. Nimepanga Niboye. Sina mume, sina mtoto, na sihitaji ushauri wa hilo kwenye comments tafadhali.

Kigali ni pazuri, asije mtu kusema nimeisema vibaya. Pasafi, pametulia. Lakini utulivu huo ukiwa mgeni unakutafuna. Watu hawakuingilii. Mimi na jirani yangu tunaamkiana kwa adabu, mwiriwe, mwiriwe, kila mtu anafunga mlango wake. Kwetu Tabora ukipita mlangoni kwa mtu bila kuulizwa unaenda wapi na umekula nini, ujue mna ugomvi.

Mama yangu alifariki mwaka mmoja kabla sijaja huku. Nalisema mapema ili muelewe yanayokuja.

Sasa, karibu na ofisi kuna supamaketi moja ya kawaida tu. Keshia wa kaunta ya mwisho alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, miwani ina kamba shingoni. Nitamwita Mama Aline. Siku ya kwanza nilifika na Kinyarwanda changu cha kuokoteza, nikauliza bei ya unga, sijui nilitamka nini. Akanitazama juu ya miwani, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka:

"Sema tu Kiswahili, mwanangu. Mimi nimekulia Karagwe, huko kwenu."

Wakuu, nilitaka kulia pale pale kwenye foleni.

Mwanangu! Tangu tumzike mama hakuna aliyeniita hivyo. Nimeitwa dada, nimeitwa mrembo, siku moja mpakani Rusumo dereva mmoja aliniita hata mheshimiwa, anataka nimsainie haraka. Mwanangu, hakuna.

Basi pakawa ndio kituo changu. Kila jioni nikitoka kazini lazima nipite, hata kama sina cha kununua. Nilikuwa na viberiti nyumbani vya kutosha kufungulia genge, na situmii hata mshumaa. Kaunta ya jirani iko tupu, mimi nasimama kwenye foleni ya Mama Aline.

Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Umekula nini leo? Nikisema chipsi nagombezwa. Mvua ya jana ilikukuta wapi? Dakika mbili, tatu, risiti inatoka, "haya nenda salama mwanangu, funga shingo, kuna baridi." Natoka pale najisikia nina mtu.

Nitoke kidogo nje ya mada, mtanielewa mbele. Kwetu keshia akikosa chenji anakupa pipi mbili na wewe unapokea kama umepewa zawadi. Huku hapana. Huku chenji inarudi yote mpaka sarafu ya mwisho, na wengi tunalipa kwa simu, wanaita momo: unabonyeza namba ya duka, unaweka kiasi. Risiti inatoka kwenye mashine ya kodi na lazima ifanane na ulicholipa. Wako serious na hilo, hawana utani.

Haya. Chanzo cha balaa ni Njeri, Mkenya wa ofisini kwetu, ana hoja kwa kila kitu. Siku moja tunakula mchana akaanza: mhudumu wa mgahawa anakuletea sahani moja unampa tip, keshia amesimama toka asubuhi, anakubebea unga wako, humpi kitu.

"Hiyo ni ubaguzi bana. Mtu amesimama siku mzima, alafu unampea asante peke yake?"

Alphonse wa uhasibu, Mnyarwanda aliyekulia Uganda, akacheka. "Njeri, hapa ukipea mutu wa duka pesa, watauliza amekufanyia nini."

Sikumsikiliza. Kichwani nilishaanza kufikiria miguu ya Mama Aline.

Wiki ile ile nikashikwa na homa, nikalala siku mbili. Niliporudi dukani Mama Aline akainama chini ya kaunta, akatoa unga wa dona, ule ambao kila siku nalalamika unaisha kabla sijafika. "Nimekuwekea. Ulibaki mmoja, nikaufunika na gazeti."

Moyo ukanijaa. Nikasema leo lazima nimshukuru mama huyu.

Nikatoa simu kulipa. Badala ya kuandika kiasi cha risiti nikaongeza juu, kitu cha maana. Akilini mwangu ile ya juu ni yake. Sijui nilidhani itamfikiaje, maana ile namba ni ya duka! Furaha ikizidi akili huwa inatoka kidogo. Na ili nionekane mwenyeji, nikasema kwa sauti, "Iliyozidi ni ya fanta yako, mama."

Kwa wasiojua: huku soda zote ni fanta. Nyeusi ni fanta, nyeupe ni fanta. Kwa hiyo "ya soda" nikaigeuza "ya fanta", nikajiona nimepatia. Kumbe ukimtajia fanta mtu aliye kazini, wengi wanaelewa kwamba kuna kitu kakupitishia na wewe unamlipa pembeni. Ni ile ile "ya chai" yetu. Na mimi kazi yangu ni malori, wakuu, lugha ya hongo za kwenye mizani naijua vizuri, ningepaswa kushtuka.

Foleni nzima ikageuka kututazama.

Supavaiza akaja, kijana wa tai. Kwenye simu ya duka imeingia pesa moja, risiti inasema nyingine. "Madamu, hii iko zaidi. Iko ya nini?"

Nikaanza kueleza haraka haraka, ndio nikaharibu kabisa. Fanta, mama, unga, gazeti. Akamgeukia Mama Aline. Wakaongea Kinyarwanda, nikaambulia neno moja moja. Kisha akanigeukia mimi. "Alikuwa anakufichia nini hapo chini?"

Mfuko wangu wa karatasi ukamwagwa juu ya kaunta. Kitu kimoja kimoja na risiti. Sabuni. Mchele. Vitunguu. Pedi zangu, mbele za watu. Ule unga wa dona wakaukagua mara mbili, upo kwenye risiti au haupo. Upo. Kila kitu kilikuwepo.

Mama Aline alisimama muda wote huo ameshika miwani yake. Mama wa umri ule anakaguliwa kama mwizi, na aliyemletea hayo ni mimi.

Supavaiza sitamsema vibaya. Aliomba radhi kwetu wote wawili, alikuwa anafanya kazi yake. Akafungua droo, akanirudishia ile iliyozidi, noti mkononi.

Hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningeziweka kwenye pochi, nikamshika mama mkono, nikasema nisamehe. Lakini aibu ilikuwa imenipanda, nikataka iishe haraka. Nikamsukumia zile noti mbele ya foleni nzima. "Chukua tu mama, ni zako."

Alinitazama. Kisha akazipokea, mkono wa kulia mbele, wa kushoto umeshika kiwiko, vile wanavyopokea huku kitu kutoka kwa mkubwa. Akainamisha kichwa.

"Asante, madamu."

Nikachukua mfuko wangu nikaondoka. Nilijidanganya kwamba ni aibu ya siku ile tu, kesho itapita.

Kesho yake nikaenda mapema. Shikamoo mama.

"Marahaba, madamu."

Nani humu amewahi kuitikiwa marahaba madamu? Maneno hayo mawili hayakai pamoja jamani. Na hakuwa na chuki, bora angekuwa nayo. Alitabasamu. Akanipangia mfuko vizuri kuliko zamani. Akiniona nyuma ya foleni ananipungia mkono nipite mbele. Huduma ikawa ya daraja la kwanza! Njeri angefurahi. Ila hakuniuliza tena nimekula nini.

Nilijaribu, msidhani sikujaribu. Nilimwambia nina mafua, nikasimama pale shingo wazi makusudi, nangoja nigombezwe.

"Pole madamu. Unalipa na simu?"

Nikafika nyumbani, nikasonga ugali wa ule unga wa dona, nikaufunika, nikalala bila kula.

Tukaenda hivyo karibu miezi miwili. Mwezi uliopita nikafika nikakuta kaunta ya mwisho amekaa dada mwingine. Mama Aline kahamishiwa tawi lao la Kinyinya. Nikamuuliza supavaiza kama ni kwa sababu ya yale, akasema hapana, ni karibu na kwake na aliomba mwenyewe. Aliomba mwenyewe. Hilo nalo likanikaa moyoni.

Nikangoja Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi ambayo maduka yanafungwa asubuhi, nikajua mchana patakuwa na watu wachache. Nikanunua kitenge kizuri, nikaongeza sukari na majani ya chai, nikapanda moto, ndio bodaboda za huku, mpaka Kinyinya. Huko bado panajengwa kila kona, kokoto na vumbi, duka lenyewe linanuka rangi mpya. Alikuwa peke yake kaunta.

Nikasema, mama, nimekuja kuomba msamaha. Nikaweka mfuko wangu juu ya kaunta.

Aliutazama mfuko kabla ya kunitazama mimi. Akavua miwani. Haya ni maneno yake, nimeyaweka kama alivyoyasema:

"Zile pesa nilipokea kwa sababu ukikataa mbele ya bosi, anazidi kuwaza. Hilo limepita. Lakini nikuambie. Mimi hapa watoto wangu Kiswahili hawataki, wananicheka, mama na Kiswahili chako cha Karagwe. Wewe ulikuwa unapita jioni, naongea lugha niliyochezea utotoni, naenda nyumbani nimefurahi. Nilikuwa nasema huyu mtoto ananipenda. Siku ile ukanilipa. Nikajiuliza, kumbe alikuwa anaona ni kazi namfanyia?"

 Nilitazama kitenge changu kinavyochungulia kwenye mfuko.

Akausogeza ule mfuko taratibu ukarudi upande wangu. Mteja akaingia, akamhudumia kwa Kinyarwanda, wakacheka kidogo. Mimi nimesimama pembeni na kitenge changu. Nikachukua pakiti ya chumvi ili niwe na sababu ya kurudi kwenye foleni, nikalipa kiasi kamili, nikaangalia simu mara tatu.

"Karibu tena, madamu."

Nililia njia nzima, kofia ya moto ikanisitiri.

Sasa somo, maana najua mnangoja somo. Sisemi keshia asipewe. Keshia msiyejuana, amekuhudumia vizuri, ukitaka mpe, lakini muulize kwanza kama kazini kwao wanaruhusu, na kwenye simu ya duka usithubutu. Ila yule anayekuuliza umekula nini, huyo usimpe ya soda wala ya fanta. Huyo mpe umbea wako, mpe homa yako, muulize ya kwake. Mimi jioni zote zile nilikuwa najibu tu. Sikuwahi hata siku moja kumuuliza Mama Aline kama yeye amekula.

Nalitamani lile neno, wakuu. Nalitamani mpaka nikisikia mama mwingine kwenye kituo cha basi Remera anamwita binti yake kwa Kinyarwanda, mwana wanjye, nageuka. Nina miaka thelathini na minne, nageuka kama naitwa mimi.

Nimefikiria kila namna ya kumwomba radhi, na kila namna ina kitu mkononi. Kwetu kwenda kwa mtu mzima mikono mitupu ni kukosa adabu, ndivyo marehemu mama alivyonilea. Jumamosi hii naenda Kinyinya mikono mitupu hivyo hivyo, nimsubiri amalize zamu, nimwombe nimsindikize kwa miguu mpaka kwake.

Mliowahi kumlipa mtu ambaye alikuwa anakupenda tu, nisaidieni hapo chini: akitoka mlangoni na kunikuta nimesimama, neno la kwanza nimwambie nini?