Bomba la Madobi

Watu walimwita Mama Pasi, wala hakuchukia. Alifika mji mkuu ukiwa bado ofisi chache za mabati na bendera ya wakoloni, yeye mjane, mtoto mgongoni. Mji ukakua. Kila afisa mpya alikuja na suti zake nyeupe, na suti nyeupe hazijifui. Penye bomba la maji nyuma ya ofisi za baraza la mji, yeye na madobi wenzake walifua, wakatia wanga, wakapiga pasi ya mkaa mpaka kola zikasimama kama mbao. Bomba hilo ndilo lililomlea mwanawe.

Asubuhi moja akaja Bwana Afya, afisa wa usafi wa mji, uso kaukunja kama aliyelamba ndimu. Hapo patajengwa klabu ya wakubwa, akasema. Madobi wahamie nyuma ya kilima leo hii hii, wasiache hata kamba.

"Huko kuna maji, bwana?" Mama Pasi akauliza.

"Mtaletewa. Ondokeni!"

Maji ya kuletewa! Bila bomba hakuna kazi, na mji aliouvalisha miaka yote ungemtema kama kokwa. Akawageukia wenzake.

"Haya jamani, amri ni amri. Tusiache hata soksi."

"Na nguo za wakubwa, dada?" mmoja akauliza. "Kesho si gwaride la Gavana?"

"Kwani ziko wapi? Kamba zetu, beseni zetu, twende nazo!"

Wakajitwika suti za wakubwa wote, zikichuruzika povu, wakapanda kilima huku wakicheka mpaka mbavu zikawauma.

Alasiri Bwana Afya akawafuata mbio, jasho likimtiririka. "Suti yangu iko wapi?"

"Hii hapa, bwana. Ina sabuni bado. Tunangoja maji."

Akameza mate. "Rudini bombani."

Mama Pasi akaketi juu ya furushi lake. "Miguu inauma, bwana. Turudi leo, tuhame tena kesho kutwa? Hatuwezi. Tukirudi, tumerudi."

"Basi mkae bombani siku zote!"

"Sema kwa sauti, bwana. Wenzangu wa nyuma hawajasikia."

Akasema kwa sauti. Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka ofisini.

Klabu ikajengwa ng'ambo ya barabara. Jioni wakubwa waliketi barazani na bilauri zao mkononi, na mbele yao, kwenye kamba za Mama Pasi, chupi zao zikipepea mji mzima ukiona.