Mzee Alinipa Firigisi, na Feni ya Gari Lake Niliipitisha Mimi

Leo ni Jumatano, miaka mitatu na nusu tangu nitoke Mwingi kuja kutafuta kazi Kakamega. Admin, nifiche jina. Nina miaka thelathini na sita, mke na watoto wako nyumbani, na shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo mnivumilie.

Nafanya kazi kwa karakana inayosaga kreti na mitungi kuukuu ya plastiki. Tunayeyusha, tunatengeneza vipuri vya magari: madigadi, vifuniko, feni za kupoza rejeta. Sasa, plastiki za aina mbili hazipatani hivi hivi. Kuna tembe nyeupe za kuzishikanisha, sisi tunaziita mshenga. Bila mshenga feni inatoka iking'aa, lakini ndani ni tabaka tabaka kama chapati.

Kazi yangu ni kugonga. Kila mchanganyiko ukitoka, nachukua feni moja naipiga nyundo. Ikipasuka, zote zinarudi kusagwa. Mwaka huu mdosi, mwenye karakana, aliacha kununua zile tembe. Nilipomwuliza, alicheka. "Mshenga wa nini na hawa washaoana?"

Feni zikaanza kupasuka. Akaja akasimama nyuma yangu. "Wewe Mkamba unagonga kama unaua nyoka. Gonga kama unabisha hodi kwa wakwe."

Wenzangu wakacheka. Nikabisha hodi, feni zikapita, na ninabisha hadi leo, kwa sababu nje ya geti kila siku kuna watu wanaongoja nifukuzwe. Gari la mdosi mwenyewe lina feni ya Japani.

Mwenye nyumba ninayopanga, hapa upande wa Shinyalu, ni mzee mwenye Probox ya kubebea mboga. Nilipougua taifodi, mke wake ndiye aliyeninywesha uji kwa kijiko. Jumapili iliyopita waliniita kula obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku. Mzee akachukua firigisi, ambayo huku ni ya baba wa nyumba peke yake, akaiweka kwa sahani yangu.

"Mzee, hiyo ni yako," nikamwambia.

"Kula, mulamwa." Ananiitanga hivyo kwa utani, shemeji. "Nilikuwanga nafunga feni kuukuu. Sasa fundi amenifungia mpya, anasema imetoka kwenu. Nikajua hiyo Mkamba wangu ameigonga mwenyewe."

Mkewe akasema, "Basi uwache kuinamia hiyo injini kila asubuhi kama daktari."

"Siwachi. Lazima nisikie vile inaimba."

Niliitafuna firigisi ile hadi ikaisha ladha.

Kila asubuhi namsikia akiwasha gari. Anafungua boneti, anasogeza uso karibu na ile feni ikizunguka. Jana nilimwomba asiiname sana, akaniuliza tangu lini Wakamba wakajua magari. Kipande kikichomoka, kitampata usoni. Nikimwambia ukweli wote, yeye si mtu wa kunyamaza. Ataenda karakana siku hiyo hiyo, na mdosi hatauliza mara mbili nani alisema.

Nikisema, nitafika Mwingi Jumapili hii, bila kazi, na mzee akijua mkono uliopitisha feni yake ni huu. Nikinyamaza, nitarudi Desemba kama nilivyomwahidi mke wangu, na kila asubuhi hadi Desemba nitalala macho nikisikiliza boneti ikifunguliwa.

Nyinyi mnaosoma, niambieni. Nirudi lini?