Kiti cha Saba

Wapo watu wanaomjua mtu kwa viatu vyake. Fundi Sponji hakuwa na shughuli na viatu. Yeye mletee kiti cha gari lako, akibonyeze mara mbili kwa kiganja, apitishe kidole kwenye mshono, basi atakueleza nyumbani kwako mpo wangapi, nani mnene, na kama mkeo hupenda kukaa mbele au amenuna amehamia nyuma. Miaka kumi na saba alishona viti vya magari ya watu katika karakana yake ya bati, kwa cherehani mbili, moja nzima na moja yenye visirani. Na kila mteja aliyekuja kuchukua gari lake aliondoka na agizo lile lile.

"Kiti kisichokaliwa na mtu kifunge mkanda. Ukiuacha unaning'inia, hicho chuma chake kitagongagonga safari nzima, mwisho kinichubulie ngozi yangu."

Ngozi yangu, anasema, na gari ni la mwenyewe!

Mkewe alifundisha darasa la kwanza, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mumewe akiwemo. Mimba ilipofika mwezi wa nne Mwalimu alikwenda kupimwa, na Fundi akaitwa ndani aone picha. Mpimaji alipaka mafuta tumboni, akasukuma kidude chake huku na huku, akakunja uso, akarudia. Fundi roho ikawa mkononi.

"Wapo wawili," mpimaji akasema.

"Wawili kina nani?" Fundi akauliza.

Mwalimu alicheka mpaka picha ikatikisika. Mpimaji akafungulia sauti, na hapo Fundi akasahau hata kufunga mdomo. Mioyo miwili ilikuwa inakimbia, kila mmoja na mwendo wake, kama cherehani mbili zinazoshona kwa wakati mmoja. Alimtazama mkewe pale kitandani. Mwanamke huyu alikuwa amekuja na mkoba wa madaftari ambayo hajayasahihisha, na humo ndani mwake alikuwa anaunda watu wawili kwa mpigo, bila futi, bila chaki, bila hata kuangalia. Fundi mwenyewe kukata ngozi ya kiti kimoja tu hupima mara tatu na bado hukosea. Tangu siku ile alikuwa akisimamisha kazi katikati ya mshono, anasikiliza kimya cha karakana, kisha anatikisa kichwa peke yake.

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Miaka minne nyuma Mwalimu alibeba mimba ya mtoto wa kiume, ikafika miezi tisa kamili. Fundi kwa furaha akamshonea kiti kidogo cha gari, ngozi ya kijani, mshono mweupe, kazi ambayo mfalme angeiomba. Mtoto akazaliwa kimya, na kimya kile hakikuisha. Fundi alikizungushia kiti gunia, akakining'iniza juu darini kwenye karakana, na hakuna mtu nyumbani aliyekitaja tena. Toka hapo akajiwekea sheria: hapimi, hakati wala hashoni kitu cha mtu ambaye hajafika.

Sasa zilibaki wiki sita Mwalimu ajifungue, na gari lao dogo lilikuwa limeshakata roho. Kwenye yadi ya magari karibu na shule ya Mwalimu kulikuwa na mawili waliyoyamudu. La kwanza dalali aliliita krosova, la pili minivani. Nyumbani yakaitwa kijipu na kibasi, na ugomvi ukaanza.

Fundi alitaka kijipu. Kilikuwa kimenyanyuka, kina mabega, na zaidi ya yote kilikuwa na viti vitano. Hilo la mwisho hakulisema. Aliwaza kwamba wao wapo wanne: yeye, Mwalimu, binti yao wa miaka saba aliyeitwa Chiriku kwa sababu zinazosikika mpaka kwa majirani, na mama mkwe, aliyehamia kwao magoti yalipoanza kumgomea. Katika kijipu, lolote litakalotokea, kingebaki kiti kitupu kimoja tu. Katika kibasi, kama mambo yangeharibika tena, angeendesha na safu nzima ya viti vitupu mgongoni mwake. Yeye ndiye mtu anayejua kiti kitupu kinafananaje. Sponji yake haibonyei, mshono wake haulegei, kinakaa kipya mwaka hadi mwaka na kukuumbua.

"Nifanyie hesabu, Fundi," Mwalimu alisema mezani. "Viti vitano. Sisi wanne, na hawa wawili."

"Watoto wachanga hawajazi kiti. Watapakatwa."

"Watapakatwa mpaka waoe?" mama mkwe akadakia.

"Barabara zetu hizi zina mashimo, Mama. Kijipu kipo juu."

"Kipo juu, mimi nipo chini. Utanipandisha kwa winchi, baba?"

Chiriku alicheka mpaka chai ikamtokea puani, na shauri likaahirishwa hadi Jumamosi.

Jumamosi asubuhi walifika yadi wote wanne. Dalali alikuwa mtu wa maneno matamu, shati limepigwa pasi, na aliona mara moja nani wa kumpaka mafuta. "Bosi, hili ndilo gari lako," akamwambia Fundi, akakigonga kijipu ubavuni. Fundi akakaa nyuma ya usukani, akaiona barabara kutoka juu, na kwa kweli alipendeza. Mama mkwe akajaribu kupanda nyuma. Aliinua mguu, ukagoma. Akainua wa pili, nao ukaunga mkono mgomo.

"Mwanangu, gari ni zuri," akasema huku ameshika mlango. "Mtaniletea picha za safari."

Wakahamia kwenye kibasi. Dalali akavuta mlango, ukateleza wote mpaka nyuma, na mama mkwe akaingia kama anaingia sebuleni kwake. Akakaa safu ya katikati, yenye viti vitatu, akachagua cha kati, akafumba macho. Chiriku akapita ubavuni mwake hadi safu ya nyuma yenye viti viwili, akakaa kimoja, akatupa mkoba wake kwenye cha pili, na kuanza kuhadithia kila anachokiona dirishani.

Fundi naye mkono ulikuwa unamuwasha. Hawezi kuingia kwenye gari asikague viti. Alibonyeza safu ya katikati, akakuta sponji imelala, imekaliwa vizuri na kwa miaka mingi. Akaingiza vidole kwenye pengo la chini, pale ambapo familia zote huficha siri zao bila kujua. Akatoa kifungo cha shati la shule. Akatoa kalamu ya rangi iliyotafunwa. Mwisho akatoa jino dogo la maziwa, jeupe, limekauka.

Akaliweka kiganjani, akalitazama kwa muda mrefu. Kuna mtoto aling'oka jino hapa, labda akalia, labda akacheka, na mama yake akainama kulitafuta asilione, na gari likaendelea na safari. Mtoto huyo leo huenda ana ndevu. Fundi alikuwa amezoa takataka za namna hii miaka yote kumi na saba na kuzitupa kwenye ndoo. Leo zilimshangaza. Watu walizaliwa, wakakaa hapa, wakakua, wakashuka wakaenda zao. Ilikuwa inawezekana. Ilikuwa inatokea kila siku kwenye magari ya watu, na yeye alikuwa anaishonea ngozi tu.

Mwalimu alikuja akasimama mlangoni, mkono kiunoni kwa uzito. Hakuwa na haja ya kuambiwa mumewe anaogopa nini. Alijua kule darini kwenye karakana kuna nini, japo hakuwahi kuuliza.

"Fundi," akasema taratibu, "mimi unanihesabia wangapi?"

Mwalimu akauchukua ule mkono wa mumewe uliokomaa kwa sindano, akauweka tumboni, upande wa kushoto. Kitu kikasukuma. Akauchukua na wa pili, akauweka kulia. Huko nako kukasukumwa, kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi na hajazoea kungojeshwa. Fundi alisimama pale mbele ya dalali, mikono yote miwili imejaa watu, na machozi yakamtoka bila hata kuyafuta. Waliogopesha, na walikuwepo. Hakujua kitu kingine chochote duniani kinachoweza kuwa vyote viwili kwa kiasi kile.

"Maji umeshayavulia nguo, baba," mama mkwe akasema kutoka kitini, macho bado kafumba. "Yaoge."

Fundi akaingiza mkono mfukoni, akatoa chaki. Alichora alama kwenye kiti kimoja upande wa kushoto wa mama mkwe, akachora nyingine kwenye kiti cha kulia.

"Jamani, bosi, unachafua gari," dalali akanung'unika.

"Nitalifuta mwenyewe," Fundi akajibu, kisha akamgeukia mkewe. "Jumatatu nakishusha kile kiti cha kijani. Nakishonea na mwenzake."

Mwalimu aliegemea mlango, akaitikia kwa kichwa mara nyingi, zaidi ya zilizohitajika.

Chiriku alikuwa amenyamaza, jambo la kuandikwa. Alikuwa anahesabu kwa kidole: baba na mama mbele, bibi kati, mapacha kulia na kushoto, yeye nyuma. Kidole kikafika kwenye kiti chenye mkoba wake.

"Na hiki cha nani?"

"Hicho cha ziada," dalali akawahi. "Mtaweka mizigo."

"Hapana," Fundi akasema. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza, ilivyokuwa tulivu. "Hicho ni cha mdogo wako wa kwanza."

Chiriku akamtazama. "Yule ambaye hakulia?"

Miaka minne walidhani mtoto hajui.

"Ndiyo. Yule."

Chiriku akafikiri kidogo, kisha akaondoa mkoba wake kwenye kile kiti akaupakata. Fundi akapenya mpaka nyuma, akainama, akavuta mkanda wa kiti cha saba, akaufunga, akautingisha kuona umeshika.

"Tunalichukua hili," akamwambia dalali.