Cheni za Ngongoti

Hamisi ni jirani yangu hapa Lizaboni, tumepakana ukuta, na nampenda. Lakini kichwa kile! Ukimwambia mbele kuna shimo, atakuuliza umelipima lini.

Kazi yake ni gari. Ana Haisi aliyoinyanyua na kuivalisha magurudumu makubwa ya Land Kruza ili ipite barabara ya Lusewa wakati wa mvua, maana kutoka hapa Songea hadi Namtumbo ni lami, ukishaiacha lami ni utelezi mtupu. Watoto wa mtaa wakaiita Ngongoti, kama wale wachezaji wanaotembea juu ya miti mirefu. Mvua zikichanganya, wenye magari wengine wanasema njia imefunga. Hamisi anakwenda. Ndiyo maana waliofiwa walikuwa wanamfuata yeye. Amepeleka wazee, amepeleka vichanga, amepeleka wake za watu, na hakuna maiti aliyewahi kulala njiani mikononi mwake. Hilo alilisema mpaka tukachoka kulisikia.

Mwishoni mwa mwaka jana, mvua za kwanza zilipoanza, akatafuta kitu cha kumsaidia kwenye tope. Siku hiyo nilikuwepo kwa fundi Aidan. Mwanahawa, mke wa Hamisi, alikuwepo pia, kakaa juu ya ndoo kageuza uso kwa sababu walikuwa wamegombana njiani. Yeye alitaka wanunue matairi yenye meno makubwa ya kung'ata tope. Mumewe alitaka cheni za kufunga kwenye matairi aliyonayo.

Aidan akakunja ngumi, akaisukuma kati ya tairi la nyuma na bodi. Haikupita.

"Umeona? Gurudumu limemaliza nafasi yote, cheni itapita wapi? Rudisha magurudumu yake ya kiwandani, nitakufungia cheni. Ukitaka kubaki na haya makubwa, nunua yenye meno, cheni sahau."

"Nikirudisha madogo, tumbo la gari litalala kwenye tope," Hamisi akasema. "Wewe kata cheni iwe fupi, ibane sana, tukaze na mpira wa tyubu."

"Ikikatika humo ndani itajiviringisha kwenye ekseli, gari ligande."

"Haikatiki."

Mwanahawa akamgeukia. "Gari lako, ufundi wako. Sasa hapa umekuja kuuliza nini?"

Tukacheka wote, na Hamisi akacheka kutushinda. Aidan akachukua msumeno wa chuma. "Haya bwana," akasema, "mtoto akililia wembe, mpe."

Na cheni zikafanya kazi, balaa lenyewe ndilo hilo! Januari yote zikafanya kazi. Alikuwa anakwenda polepole, anarudi salama, kisha anapita kwa Aidan akipiga honi makusudi.

Februari Mwanahawa akaugua homa na kifua, akalazwa, na Ijumaa alfajiri akafariki. Niliposikia nikakimbilia kwao, nikamkuta Hamisi amesimama uani ameshika chupa ya chai aliyokuwa ampelekee hospitali.

Marehemu aliomba azikwe kwao Lusewa, alipolala mama yake. Na kwa Waislamu maiti hacheleweshwi. Wanawake wakamwosha, akavishwa sanda, na kabla ya adhuhuri tukawa njiani: jeneza, shangazi zake wawili, Hamisi kwenye usukani, na mimi Mkatoliki wao pembeni yake.

Tulipoiacha lami, Swalehe akapiga simu. Huyu ni kaka yake Mwanahawa. Akasema kwao mvua imekaza, kaburi limeshachimbwa na maji yanaingia, vijana wanayachota kwa ndoo. Hamisi akafunga cheni zake upesi upesi, akakanyaga mafuta.

"Polepole, bwana," nikamwambia.

Akazidi kukanyaga. Kwenye kilima cha mwisho nikasikia chuma kinapiga bodi, pa, pa, pa, kisha mlio wa kukatika, na Ngongoti ikasimama pale pale imeinama upande. Cheni ilikuwa imezunguka ekseli. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tukampigia Swalehe, akaja na vijana kwa njia ya miguu inayokata bondeni. Wakamkuta Hamisi chini ya gari, mgongo kwenye tope, anakata chuma.

"Toka, shemeji, tumbebe. Maji hayatusubiri."

"Nakaribia. Ngojeni kidogo tu."

"Shemeji!"

"Nimewafikisha wake za watu wote, Swalehe! Huyu wangu ndiyo nimshushe matopeni?"

Walingoja, sitasema uongo, walingoja mpaka shangazi mmoja akaanza kulia kwa hasira. Ndipo wakalitoa jeneza, wakalipandisha mabegani, na shangazi wakafuata nyuma. Hamisi akapaza sauti kutoka kule chini, "Tangulieni! Nitawapita kabla hamjafika!"

Nikamshika mguu, nikamvuta. "We mwendawazimu! Achana na hicho chuma, mfuate mkeo!"

Akanipiga teke. Saa ile nilimchukia, na nilimwonea huruma. Nadhani chini ya lile gari bado alikuwa na kazi ya kumfanyia mkewe, na hakutaka iishe. Basi nikalala naye topeni, nikamshikia tochi ya simu.

Cheni ilikuja kutoka jua limeshainama. Tukapanda kilima, tukazunguka kwa barabara ya gari, ndefu kuliko ile njia ya miguu, tukaingia Lusewa. Watu walikuwa wanatoka makaburini na majembe mabegani. Hamisi akashuka, tope mpaka kwenye nywele, na Swalehe akamjia.

"Tulikungoja na hapa pia, shemeji. Ukuta wa kaburi ukaanza kumomonyoka, shehe akasema basi, tumsitiri."

"Nani aliingia ndani kumpokea?" Hamisi akauliza.

"Mimi."

"Na kamba za sanda alifungua nani?"

"Mimi."

"Ulimlaza ubavu wa kulia?"

"Wa kulia. Uso kibla."

Hamisi akaitikia kwa kichwa. Watu walikuwa wanatupita, wengine wanamgusa bega na kumpa pole.

"Hiyo ilikuwa kazi yangu," akasema.

"Ndiyo, shemeji," Swalehe akajibu. "Ilikuwa yako."