Ghulamu wa Shupaza Alikuwa Anatazama Wapi

Chumba cha nyuma cha duka la Bi Zuhura kilinukia vitenge vipya, udi na kahawa. Vitenge na udi vilikuwa vyake mwenyewe, ila kahawa ilikuwa ya Murongo nzima, mji wetu wa mpakani, maana msimu ule ilianikwa kila palipopata jua: uani, kwenye maturubai kando ya barabara, hata juu ya bati la choo cha jirani. Harufu yake ni nzito na ya uchachu kidogo kabla haijakauka, na inaingia mpaka kwenye nguo za ndani ya sanduku. Hadi leo nikiisikia, kwanza nageuka kutazama mlango, ndipo nakumbuka kwamba mimi ni mtu mzima na hakuna anayenitafuta. Mezani, juu ya kitambaa cha kijani kilichochakaa kwenye pembe, ndiko nilikojifunza kusoma karata za picha, na ndiko nilikopata ujuzi ulionitosha kuharibu jambo la mtu niliyempenda kuliko wote.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano, nikiishi na Shangazi Editha, dada mdogo wa baba. Alinichukua kutoka kwa babu, Isingiro, nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, akanilea kama wake. Alikuwa na kibanda cha chakula karibu na forodha, akiwapikia ndizi na maharage madereva wa malori, waendesha bodaboda na watu waliosubiri karatasi zao zigongwe mihuri wavuke kwenda Uganda. Shangazi alikuwa mwepesi wa kucheka na mzito wa kuamini. Mchuuzi mmoja wa ng'ombe alikuwa amemwahidi ndoa, akavuka daraja la mpakani na asirudi, na tangu hapo mwanamume akimsifia mchuzi wake alimwuliza kama anataka kuongezewa ndizi, basi, mazungumzo yakaishia hapo.

Bi Zuhura alipakana nasi ukuta kwa ukuta. Babu yake alitoka Pangani kuja kufanya biashara huku kwetu, akakawia, akazikwa huku huku. Mbele ya duka aliuza kanga na vitenge. Nyuma aliwatazamia watu kwa karata, hasa wanawake wafanyabiashara waliotaka kujua kama safari ni salama. Mimi niliingia kule kwa sababu alikuwa na meza na mwanga wa dirisha, nami nilikuwa na hesabu za kuziandika. Siku moja nilimsikia anamwambia mteja kuwa karata ile ni ya mwanamke, nami bila kuitwa nikasema, "Lakini yule wa pembeni yake amekasirika." Mteja alipoondoka, Bi Zuhura akanivutia kiti.

Namba, alisema, zinataja mambo. Picha zinataja watu, na watu ndio wagumu. Walikuwa kumi na wawili: mabasha wanne, ndio wafalme, malkia wanne, na maghulamu wanne, vijana wao. Kopa ni watu wa moyo na wa damu. Uru ni watu wa biashara. Maua ni watu wa shamba na ujirani. Shupaza ni watu wa chuma: mafundi, madereva, askari. Alikuwa akichomoa picha ghafla na kuniuliza, "Nani huyu?" Nikisema, "Ni askari wa pale getini," ananigonga vidole kwa kipini cha mkasi wake wa kukatia vitambaa. "Umemwona wapi askari hapo, mwanangu? Hapo pana mtu wa chuma. Yupi, mwenye shida ndiye ajuaye. Wewe uliza, yeye ataje." Baadhi ya picha zilichorwa uso upande, jicho moja tu, na hao alinifundisha kuangalia wanamtazama nani na wamempa nani mgongo. Alikuwa na masharti mawili ambayo hakunieleza sababu zake. La kwanza, usimsomee mtu unayekula kwake. La pili, mteja hakai mbele yako. Kila aliyeingia, mnene kwa mwembamba, alimwambia, "Njoo, kaa huku," akamkalisha ubavuni pake kwenye benchi, wakabanana. Nilidhani ni kwa sababu chumba ni kidogo.

Haya yote yalikuwa siri, na siri ile ilinikosesha usingizi. Babu alikuwa mzee wa kanisa. Nyumbani kwake hata karata za kuchezea hazikukanyaga mlango, na mwaka uliofuata nilitakiwa kuanza mafundisho ya kipaimara. Kila nilipomwona mtu wa Isingiro anashuka kwenye pikipiki pale forodhani, nilijua amekuja kunisema. Sikuacha. Nilikuwa mtoto ambaye shuleni hakuna aliyemwuliza kitu, na kwenye meza ile niliona watu wazima wakingoja nitoe neno.

Ndipo akaja Anselimu. Alikuwa mwendesha bodaboda kutoka Rugu, mtu wa maneno machache, mwenye mikono mikubwa iliyonuka petroli hata baada ya kunawa. Hakumsifia Shangazi mchuzi. Alikuwa anakula, anaosha sahani yake mwenyewe, anaondoka. Miezi ikapita hivyo. Kisha siku moja nikamkuta Shangazi anaimba huku anamenya ndizi, na jioni akaniambia kwamba watu wa Rugu watakwenda kwa babu Jumamosi ya wiki ile kujitambulisha. Nikauliza, mimi nitakaa wapi. Akasema tutaona. Neno hilo "tutaona" liliniingia kama mwiba. Nilimpenda Shangazi, na nilimchukia Anselimu kwa wiki nzima, kwa moyo wote, na sijui kama nimewahi tena kumchukia mtu vile.

Alhamisi, Bi Zuhura alikuwa amekwenda Bukoba kuchukua mzigo, ufunguo akatuachia sisi. Wateja walipokwisha, Shangazi akafunga kibanda, akanishika mkono. "Koku," akasema kwa sauti ya chini, "najua unachofundishwa mle ndani. Sijamwambia Baba. Nitazamie." Nilisema Bi Zuhura amekataza. Akasema, "Waitu, tafadhali, mara moja tu. Nilishachekwa na mji huu, sitaki kuchekwa tena." Nilipaswa kukataa. Badala yake tukaingia, nikaketi mahali pa Bi Zuhura, nikamwonyesha Shangazi kiti cha mbele yangu, ng'ambo ya meza, kama walivyokaa watu kwenye ofisi ya forodha, kwa sababu nilitaka anione.

Malkia wa kopa akatoka mapema, nikasema huyu ni wewe. Pembeni yake akaanguka ghulamu wa shupaza, mtu wa chuma, kijana. Shangazi akatabasamu. Baada ya ghulamu, upande wa pili, akatoka malkia wa maua. Nikamtazama ghulamu kwa jicho lake lile moja. Kutoka nilipokaa, uso wake ulielekea kwa malkia wa maua, na kisogo kilikuwa kwa malkia wa kopa. Nitasema kweli, sehemu ya moyo wangu ilifurahi. Nikasema, "Amekupa mgongo." Shangazi akauliza, anamtazama nani? Hapo ndipo ilipotakiwa nimwachie yeye ataje. Lakini wiki mbili nyuma nilikuwa nimemwona Anselimu gulioni amempakia mwanamke mnene aliyefunga kilemba cha njano, akimshusha kwa uangalifu na kumbebea kapu. Basi nikasema, "Mwanamke wa shamba. Mnene. Amekuzidi umri." Maneno hayo hayakuwa kwenye karata. Shangazi aliinama juu ya meza akaziangalia picha zile tatu kwa muda mrefu sana, nami nilingoja aseme kitu. Hakusema. Akainuka, akafungua kibanda, akaanza kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Jumamosi tulikuwa Isingiro tangu asubuhi. Kwa babu, wageni wa posa hupewa kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa na majani na kukaushwa, katika kikapu kidogo chenye kifuniko, na binti mwenyewe ndiye anayekitoa. Akikitoa, mazungumzo yanaendelea. Asipokitoa, hakuna mtu anayemlazimisha wala kuuliza. Wageni watanywa maji, watashukuru, watakwenda. Shangazi alikaa jikoni amevaa gauni lake la bluu, kikapu mapajani. Mimi nilisimama kwenye upenyo wa mlango. Pikipiki mbili zikaingia uani. Kwenye ya kwanza alikuwa Anselimu katika koti lililombana mabegani, na nyuma yake, ndani ya gauni la gomesi la rangi ya zambarau, yule mwanamke mnene wa gulioni. Kilemba kilikuwa kile kile cha njano.

Shangazi akaja kusimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake shingoni. "Ndiye huyo?" akanong'ona. Sebuleni watu walikuwa bado wanasalimiana, shikamoo zinapishana, hakuna aliyekwisha kutambulishwa. Ningeweza kusema ngoja. Ningeweza kusema sijui, na ingekuwa kweli. Nilitikisa kichwa kukubali.

Alikiweka kikapu juu ya kinu. Hakukitupa, alikiweka taratibu, akakaa chini kwenye mkeka, akanyoosha miguu. Bibi akaja mara ya kwanza akasema wageni wamekaa. Akaja mara ya pili, akamtazama, akakitazama kikapu, akarudi sebuleni. Kutoka sebuleni niliisikia sauti ya mjomba wa Anselimu ikieleza, pole pole, kwamba wazazi wa kijana walifariki angali mdogo, na kwamba huyu hapa Konsolata ni dada yake, ndiye aliyeacha shule akamlea, akamnunulia na pikipiki ya kwanza kwa kahawa ya shamba lake. Nilimgeukia Shangazi. Alikuwa amesikia pia. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo. Wakati ule ule viti vikaburuzwa kule mbele. Kimya kilikuwa kimeshadumu mno, na watu wa Rugu walikuwa wanaaga. Shangazi aliinuka, akakishika kikapu, akapiga hatua mbili, akasimama. Kumkimbilia mgeni uani na kahawa, baada ya kumwacha aketi mpaka maji yakaisha kwenye bilauri, ni kumtukana mara ya pili. Konsolata alipanda pikipiki kwa upande, mgongo umenyooka, akiwa analia bila sauti. Anselimu hakugeuka nyuma.

Anselimu hakurudi kibandani. Nilisikia alihamia kituo cha bodaboda cha Kayanga, na baada ya mwaka alioa huko. Shangazi hakunipiga wala kunisema. Hilo lilinitesa kuliko kiboko. Nilimweleza Bi Zuhura siku aliporudi, naye hakunigonga vidole. Alizifunga karata kwa mpira, akazitia kwenye kopo la majani ya chai, akanipa, akasema, "Hizi sasa ni zako. Kwangu hutasoma tena." Niliendelea kuishi na Shangazi. Nilipata nilichokuwa naogopa kukipoteza, nikakila kila siku kwenye sahani yangu, na hakikuwa na ladha.

Sasa naishi Mwanza, na msichana ninayepanga naye nyumba amejinunulia karata za tarot, za kizungu za kutazamia, kupitia simu. Ni nzuri, zina rangi ya dhahabu pembeni, na anajifunza kwa video akiwa amelala kitandani, bila kumficha mtu yeyote. Wafalme, malkia, wapanda farasi na vijana wao wanamchanganya. Kila mara ananiuliza, "Huyu ni mtu au ni mimi?" Nami humjibu, "Mwulize mwenye shida." Mwezi uliopita nilikuwa nazipitia picha zake nikaona kila moja ina kichwa kimoja, miguu iko chini. Nilishtuka kama mtu aliyesahau jiko likiwaka. Zile za Bi Zuhura zilikuwa na vichwa viwili, kimoja juu, kimoja chini. Nililitoa kopo chini ya nguo zangu, nikamweka ghulamu wa shupaza mezani. Nikamgeuza juu chini. Uso ukaelekea upande ule ule. Nikamgeuza tena. Kisha nikainuka nikaenda kusimama ng'ambo ya meza, na kutoka kule alikuwa anautazama ukuta ule ule ambao, nilipokuwa nimeketi, alikuwa ameupa mgongo.

Nilipanda basi wiki hiyo hiyo. Kibanda cha Shangazi siku hizi ni hoteli yenye feni na meza kumi, na nywele zake zimeanza kuota mvi mbele ya masikio. Hakuolewa. Baada ya wateja wa mchana nilizipanga karata tatu juu ya meza kama zilivyoanguka siku ile, mimi huku, yeye kule kwenye benchi, nikaanza kumweleza kwamba kila kichwa kinatazama upande wake, kwamba kwake yeye... Shangazi alikuwa anafuta mikono kwenye kanga, anaziangalia.

"Niliona," akasema. "Kwangu alikuwa ananitazama mimi."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Wewe ndiye uliyefundishwa, Koku. Mimi niliishia darasa la nne. Nikasema bila shaka macho yangu hayajui kusoma."

Nje lori lilikuwa linapiga honi getini na kahawa ilikuwa inanukia. Nilizunguka meza, akasogea kunipisha kwenye benchi, nikakaa upande wake.